Lamu au Mafia? Chagua upepo kwanza, kisiwa baadaye

Anayetaka likizo ya pwani isiyo na makelele, yenye mashua na viumbe wa baharini, mara nyingi hubaki na majina mawili mkononi: Lamu upande wa Kenya na Mafia upande wa Tanzania. Kote kuwili wenyeji ni watu wa staha, usiku huingia mapema, na hakuna msururu wa mahoteli marefu ufukweni. Kisha huuliza kipi bora. Swali la kumrudishia ni moja: likizo yako iko mwezi gani? Lamu ya Februari na Lamu ya Juni hazifanani hata kidogo, na Mafia ya Novemba si Mafia ya Aprili.

Kwa mwenye haraka, rai yangu ni hii. Ukitaka raha ya kusafiri kwa tanga, nenda Lamu, tena kati ya Desemba na Machi. Ukitaka viumbe, nenda Mafia: Oktoba mpaka Februari kwa ajili ya papa potwe, Juni mpaka Septemba kwa ajili ya vifaranga vya kasa na pengine nyangumi. Aprili na Mei baki nyumbani. Sababu zake zinafuata, na inafaa uzijue, maana misimu ya pwani huchelewa na huwahi, na aliyeielewa hubadili mpango wake bila kufadhaika.

Kaskazi, kusi na maleleji

Kaskazi huanza kushika Desemba, wakati mwingine mwishoni mwa Novemba, na huvuma mpaka Machi. Ni upepo wa msimamo: huamka asubuhi, hukaza mchana, hulegea jioni, na mara nyingi huja na anga safi. Kusi huingia Aprili, hupata nguvu zake kamili kuanzia Mei hadi Agosti, kisha hupungua Septemba. Kati ya pepo hizo mbili kuna maleleji, siku ambazo bahari hulala kabisa asubuhi na upepo wa mchana haujulikani utatoka wapi. Nahodha wa tanga hazipendi siku hizo. Mtu anayetaka kuangalia matumbawe huzipenda sana.

Tofauti kubwa kati ya visiwa hivi viwili iko kwenye kusi. Upepo huu hutoka kusini mashariki, bahari kuu, na mawimbi yake hufika pwani bila kukutana na kizuizi. Ufukwe wa Shela, ule wa Lamu unaosifiwa kila mahali, umeelekea bahari hiyo hiyo. Ukienda Julai utaukuta mrefu na mpana kama ulivyoahidiwa, lakini maji yamevurugika, mawimbi yanavuta, na mchanga unapeperuka ukakuchoma miguu. Mafia nayo hupigwa na kusi, ila ina ghuba ya Chole, iliyozungukwa na visiwa vya Chole na Juani pamoja na miamba. Nje ya ghuba bahari inaweza kuchafuka, na ndani ya ghuba watu bado wanavuka kwa mashua kwenda shuleni na sokoni.

Mvua nazo haziji siku moja. Ukanda wa mvua hulifuata jua, na jua linapovuka ikweta mwezi Machi kwenda kaskazini, Mafia, iliyo karibu nyuzi 8 kusini mwa ikweta, hulowa mapema. Masika yake hushika Machi na Aprili, na kufikia Juni hewa imekauka na jua ni la upole. Lamu iko nyuzi 2 na ushee tu kusini mwa ikweta, kwa hiyo masika huchelewa kuifikia: Machi kwa kawaida bado ni kukavu, Mei ndio mwezi wa mvua kuliko yote, na Juni mawingu hayajaondoka. Ndiyo maana mwisho wa Machi ni wa Lamu bila ubishi, na Juni ni ya Mafia. Kwa mwaka mzima Mafia hupata mvua nyingi zaidi, na hilo utaliona kwa macho ukishuka kwenye ndege: minazi, mikorosho na kijani kisichokatika.

Kuna jambo jingine la hewa ambalo waandaaji wa safari hawalisemi sana. Vimbunga vya tropiki huhitaji msukumo utokanao na mzunguko wa dunia ili vijizungushe, na msukumo huo ni dhaifu sana karibu na ikweta. Lamu kwa hiyo iko salama kwa namna ambayo Mafia haiko. Kwa Mafia pia ni nadra, lakini Kimbunga Hidaya kilifika huko tarehe 4 Mei 2024. Hiyo isikutishe ukienda Januari, ila ukiwa na fikra za kwenda Aprili au Mei, soma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania kila siku. Kwa Kenya, Idara ya Hali ya Hewa nayo hutoa tahadhari za upepo mkali na mawimbi makubwa, hasa wakati wa kusi.

Tanga: hapa Lamu haina mshindani

Mafia utapanda mashua ili ufike mahali. Lamu utapanda mashua ili uwe ndani ya mashua. Kijiji cha Matondoni, magharibi ya kisiwa, bado kinaunda vyombo vya mbao kwa mikono, na vijana wa Shela na mji wa Lamu hukua wakishindana kwa tanga. Mashua ya kukodi hupatikana gatini, kwa saa chache au siku nzima, na hata mgeni asiyejua lolote ataona haraka kwamba anaendeshwa na watu wanaojua kazi.

Tazama wanavyobisha. Chombo kinapokwenda dhidi ya upepo hakiwezi kunyoosha moja kwa moja, hukata pembe huku na huku. Tanga la mashua linaning'inia kwenye foromali, mti mrefu ulioegemezwa kwenye mlingoti kwa mshazari, na kila chombo kinapogeuzwa, foromali nzima pamoja na tanga lake lazima ihamishwe upande wa pili wa mlingoti. Baharia mmoja hukimbilia omo, yaani mbele ya chombo, na kushika ncha ya chini ya foromali, mwingine hufungua demani, kamba inayolizuia tanga, na kwa muda tanga hupiga kwa kishindo hewani huku nahodha akikaza usukani. Wakati huo huo magunia ya mchanga, ambayo ndiyo farumi, yaani uzito wa kuituliza mashua ndogo, yanaburutwa kwenda upande wa joshi, unakotoka upepo. Upepo ukizidi, ubao hutolewa nje ya ubavu na baharia akaenda kukaa ncha yake, miguu ikigusa maji, uzito wake ukizuia chombo kisilale. Ukiliona hilo Januari, kaskazi imekaza, hutauliza tena kwa nini watu hurudi Lamu kila mwaka.

Mikondo ya Lamu ndiyo inayowezesha haya. Kati ya kisiwa cha Lamu na Manda, na kuzunguka Manda kwenda Pate, kuna njia za maji zilizokingwa, zenye mikoko pande zote. Kaunti ya Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya. Kwa hiyo hata siku ambayo nje ya mlango wa bahari hakuendeki, ndani unaweza kusafiri. Safari nzuri ya siku moja ni Manda Toto kwa ajili ya matumbawe, au magofu ya Takwa, mji ulioachwa na watu wake karne ya 17. Ukiwa na siku zaidi, nenda Pate na Siyu. Kiwayu na Hifadhi ya Bahari ya Kiunga ziko mbali zaidi kaskazini, na eneo hilo liko karibu na mpaka wa Somalia, kwa hiyo uliza hali ya usalama kwa wenyeji na kwa mamlaka kabla ya kupanga.

Mafia ina mashua pia, na ngalawa, na kisiwa cha Jibondo kina mafundi wa vyombo wanaoheshimika. Ukipita na tanga ndani ya ghuba ya Chole jioni, ni raha kamili. Lakini safari nyingi za huko, hasa za kutafuta papa, huenda kwa injini, na nje ya ghuba kuna njia chache zilizokingwa. Anayekwenda kwa ajili ya tanga peke yake atamaliza alichokifuata mapema.

Viumbe: hapa Mafia imeshinda

Papa potwe ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Wanaoonekana Mafia wengi bado ni vijana, na hata hivyo huwa na urefu wa mita kadhaa, wengine kuizidi mashua inayowatafuta. Hufika karibu kabisa na ufuko wa magharibi, mbele ya Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa, kufuata dagaa na kamba wadogo sana wanaojaa kwenye maji hayo kuanzia Oktoba mpaka Februari, wakati mwingine Machi. Watafiti waliowafuatilia kwa vifaa vya sauti wamegundua kwamba wengi hawaondoki kabisa baada ya msimu. Husogea kwenye maji ya kina zaidi, mbali na macho.

Ni vyema ujue utakachokiona. Maji ya Kilindoni msimu wa potwe si ya kioo, ni ya kijani yenye ukungu, kwa sababu chakula chenyewe ndicho kinachoyatia ukungu. Kwanza unaona ndege wakizama na kuibuka, kisha pezi la mkia likipita taratibu, kisha nahodha anasimamisha injini na unaambiwa ushuke. Kwa sekunde chache huoni chochote. Halafu madoa meupe yanatokea chini yako, safu kwa safu, na mgongo mpana unapita, chazo, samaki wadogo wanaonata, wameganda tumboni, na mdomo umefunguka upana unaoweza kukuogopesha ingawa hauna haja nawe. Kaa kando yake, usimkatishe njia kwa mbele, usimguse, usitumie mwanga wa kamera. Kanuni inayofuatwa sana ni kubaki angalau mita 3 kutoka mwilini na mita 4 kutoka mkiani. Waongozaji wengine hulegeza kamba ili mgeni afurahi na bakshishi iongezeke. Mwambie wako mapema kwamba wewe hutaki hivyo. Neno la mteja anayelipa lina uzito kuliko bango la kanuni.

Kasa ni habari ya msimu mwingine. Kasa wa kijani hutaga kwenye fukwe za Juani zinazoelekea bahari kuu, na mayai huchukua takribani miezi miwili kuanguliwa. Vifaranga wengi hutoka kati ya Juni na Septemba. Viota huwekewa alama na kulindwa, na walinzi wake hukadiria siku. Unavuka kwa mashua, unatembea kwa miguu kukikata kisiwa, unasubiri. Siku nyingine wanatoka, siku nyingine hawatoki, na hakuna anayeweza kukuahidi. Julai mpaka Oktoba nyangumi nao hupita katika maji ya nje, wakitoka na kurudi kusini.

Chole kuna popo wakubwa walao matunda, jamaa wa popo wa Komoro, wanaolala mchana wakining'inia kwenye miti mirefu na kuruka jioni inapoingia. Kaskazini mwa kisiwa kikuu kuna hata viboko wachache. Na ndani ya ghuba kuna matumbawe. Yaliumia vibaya mwaka 1998, maji yalipopata joto kupita kiasi na matumbawe kupauka sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, ila yapo maeneo yaliyorudi vizuri. Hifadhi ya Bahari ya Mafia, iliyoanzishwa mwaka 1995, ndiyo ya kwanza ya aina yake Tanzania, na ina eneo la kilomita za mraba 822.

Lamu si tupu. Pomboo huonekana mikondoni, kasa hutaga fukwe kadhaa, mikoko imejaa korongo na kaa, na Manda Toto ni pazuri kwa kuogelea na barakoa kaskazi inapokuwa tulivu. Ila ukiniuliza kwa ajili ya mtoto anayependa wanyama, au kwa ajili yako uliyeota kuogelea na papa potwe, sitakuambia Lamu.

Maji kujaa na kupwa

Wageni wengi wa kutoka bara hupanga saa zao na kusahau kwamba bahari ina saa zake. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, pwani yetu maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hupwa kama saa nne asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: yanajaa asubuhi, na hayapandi wala hayashuki sana.

Mafia hili lina uzito zaidi. Bamvua ikipwa, maji ya Utende, kijiji kilicho kwenye ghuba ya Chole, hukimbia mbali na vyombo hukaa mchangani, kwa hiyo safari ya asubuhi inaweza kukuhitaji utembee kwenye matope na nyasi bahari kwanza. Lamu, njia ya Takwa kupitia mikokoni hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Ukichelewa kuondoka huko utakaa na mbu mpaka maji yarudi. Kabla ya kukata tiketi, angalia mwezi uko siku ya ngapi. Kwa mashua na matumbawe napendekeza maji mafu: mkondo ni mpole na hubanwi na saa.

Njia, fedha na utulivu wenyewe

Lamu unatua Manda na kuvuka kwa boti hadi mjini au Shela. Kwa barabara, unapitia Garsen hadi Mokowe, na njia hiyo imewahi kushambuliwa, kwa hiyo fuata maelekezo ya wakati huo ya vyombo vya usalama. Wengi huruka tu. Mafia ni ndege ndogo ya kama nusu saa kutoka Dar es Salaam hadi Kilindoni, au kivuko kutoka Nyamisati kwa mwenye muda. Wakati wa kusi acha siku ya akiba upande wa kurudi, usije ukakosa ndege kubwa kwa sababu ya mawimbi.

Katika malazi, Lamu ina uchaguzi mpana zaidi: vyumba vya bei nafuu juu ya madari ya nyumba za mji mkongwe, nyumba nzima za kifahari Shela, na vya kati kwa wingi. Mafia ni vichache. Hoteli nyingi za watalii ziko Utende, ndani ya hifadhi, na ada ya hifadhi hulipwa kwa kichwa kwa kila siku unayokaa humo, uingie majini usiingie. Hapo ndipo bajeti za wengi hupasuka. Kama lengo lako kuu ni papa potwe, lala Kilindoni, ambako ni nje ya hifadhi na karibu na papa wenyewe, kisha utenge siku moja au mbili za kwenda ghubani.

Kuhusu utulivu, usitegemee wa aina moja. Mji wa Lamu uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001, vichochoro vyake havipitishi gari, lakini ni mji hai: punda, adhana, biashara, vijana wa mashua wanaokuita gatini. Wakati wa Maulidi unajaa. Bandari mpya ya Lamu, iliyoanza kazi Mei 2021, imeleta meli kubwa upande wa ghuba ya Manda. Utulivu wa Mafia ni wa shamba na kijiji. Jioni hakuna pa kwenda, na anayechoka upesi atalalamika siku ya tatu. Wenza wanaotaka kusoma vitabu na kulala, Mafia. Anayetaka kimya mchana na maongezi usiku, Lamu.

Na Pemba? Ni chaguo la heshima kwa wapiga mbizi, kwa sababu mkondo wake unaitenganisha na bara kwa kilindi kirefu, na kisiwa hicho kina msitu wa Ngezi na popo wasiopatikana kwingine. Mvua zake ni nyingi na safari za tanga zinazoandaliwa kwa wageni ni chache. Nisingeanzia huko.

Kabla ya kulipa

Zungumza na nahodha mwenyewe, si dalali. Muulize upepo wa wiki hiyo unatoka wapi na anadhani utageuka lini. Muulize jaketi okozi ziko ngapi na uzione kwa macho, za watoto zikiwemo. Kwa safari za potwe, uliza anashusha watu wangapi majini kwa papa mmoja, na jibu likiwa "wote", tafuta mwingine. Mkubaliane kabisa nini kitatokea hali ikichafuka: siku inahamishwa, fedha inarudi, au mnabaki mikondoni. Nahodha anayekataa kutoka kwa sababu ya bahari anastahili shukrani na malipo ya usumbufu, na ndiye wa kusafiri naye kesho yake.